Kikale Kingali Hai Kisiwani Pate

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi hufundishwa kwamba mshairi ana uhuru wake. Huorodheshewa inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi, na hatimaye huambiwa kwamba mshairi aweza pia kutumia Kikale. Akikutana na neno mato mahali ambapo angetarajia macho, hujibu kwamba mtunzi ametumia Kikale ili kutosheleza mizani au kuleta vina, naye hutuzwa alama yake. Jibu hilo limekaririwa humu nchini kwa muda mrefu hata hakuna tena anayeuliza swali lililo dhahiri: je, ni Kikale cha nani? Maana neno mato halijafa. Limetamkwa leo asubuhi kisiwani Pate na mama aliyekuwa akimwosha mwanawe uso kabla ya kumpeleka shuleni. Na huko shuleni, mtoto yuyo huyo akiliandika katika insha yake, litapigiwa mstari mwekundu.

Neno moja, nchi moja, mtaala mmoja: katika shairi linatuzwa alama, katika insha linakatwa. Hilo ndilo ninalotaka walimu wenzangu na wanafunzi wao walitafakari.

Kwa wasiopajua, Pate ni kijiji kilicho upande wa kusini-magharibi wa kisiwa chenye jina hilo hilo, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Lamu. Msafiri atokaye Amu hupanda mashua ya injini, hungoja maji yajae ili chombo kiweze kupenya mkondo wa Mkanda baina ya Manda na bara, kisha hushuka gatini Mtangawanda. Anayelisikia jina hilo kwa sikio la Kaskazini husikia ndani yake neno mtanga, yaani mchanga, kwa hiyo hata kabla hajakanyaga ardhi msafiri amekwisha kupewa somo la kwanza la lahaja. Kutoka hapo huenda kwa miguu au kwa pikipiki hadi kijijini. Nyumba zimesongamana, vichochoro ni vyembamba, na nje kidogo ya makaazi yamesimama magofu ya mji wa kale, ambako wakulima hupanda tumbaku katikati ya kuta za mawe ya matumbawe. Majirani zake ni Siyu yenye ngome yake, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali, na Kizingitini ya wavuvi. Upande wa kusini yako magofu ya Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton, aliyechimbua hapo kuanzia mwaka 1980, alionyesha kwamba watu walikwisha kuishi na kusali mahali hapo tangu karne ya 8. Shanga ilihamwa katika karne ya 15, bali Pate ingali ina wenyewe.

Ingali ina wenyewe, lakini si mji tena, angalau mbele ya sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, mahali hapahesabiwi kuwa mji pasipokuwa na wakazi wasiopungua 10,000, seuze manispaa. Pate haifikishi idadi hiyo. Haina bodi yake wala meneja wake. Mambo yake huamuliwa kwingine, na sauti ya serikali huifikia kwa kinywa cha chifu na maafisa wa kaunti. Katika orodha za maafisa hao, Pate ni kijiji tu kama vijiji vingine.

Ajabu ni kwamba ukimwuliza mzee wa huko, hatakuambia kwao ni kijijini. Atakuambia mui wa Pate, na mui ndio huo huo mji wa Kiswahili sanifu. Naye hatakuwa amekosea, kwa kuwa miongoni mwa Waswahili wa kale mji haukuwa hesabu ya vichwa. Mji ulikuwa msikiti wa Ijumaa, makaburi ya waliotangulia, mitaa iliyojulikana kwa majina, na wanazuoni waliotegemewa na majirani. Juu ya hayo, mji ulikuwa kauli. Mtu alitambulikana kwao kabla hajajitaja, kwa namna alivyolisema neno. Mji ambao sheria imekwisha kuuvua jina la mji umebakiwa na kauli hiyo, na sasa darasa linaivua pia, siku baada ya siku, kwa kalamu nyekundu.

Na hiyo si kauli ya mahali pasipo habari. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka kwa ajili ya Sultani wa Pate, na utendi huo ni mmoja wa tungo za kale kabisa za Kiswahili ambazo tarehe zake zinajulikana. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa lilishindwa katika vita vya Shela, na tangu hapo nguvu za mji zikawa zinapungua mpaka watawala wa ukoo wa Nabahani wakaishia Witu, huko bara. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir akaliangalia anguko la mji huo na kulifanya fundisho katika Al-Inkishafi. Mwaka 1858 Mwana Kupona, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, akamtungia bintiye utendi ambao hadi leo husomwa na watu wasiowahi kuiona bahari. Haya yote yamo katika mihadhara yetu. Tumewafundisha wanafunzi kuyaomboleza magofu ya Pate kwa ufasaha mkubwa, hata wengi wao hushangaa wakiambiwa kwamba kando ya magofu hayo ipo shule ya msingi yenye watoto.

Nami nimewahi kulishuhudia jambo hili darasani mwangu. Nilikuwa nikifundisha Al-Inkishafi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya msamiati niliyowaandalia, safu mbili, ya kushoto maneno ya shairi na ya kulia maana zake. Kijana mmoja aliyeketi nyuma hakuwa nayo. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, mengi ya haya ni maneno ya nyumbani." Alikuwa mzaliwa wa Pate. Nikamwomba asome, akasoma. Na wenzake waliokuwa wakiyatafuta maneno kwa ncha ya kalamu wakaiacha karatasi na kumsikiliza. Baada ya kipindi alinisimulia kwamba katika shule ya msingi mwalimu mmoja alimbandika jina la utani, "yule wa mato", na kwamba tangu wakati huo alijifunza kuwa na ndimi mbili na kuificha mmoja. Sikumlaumu mwalimu yule, wala sitamtaja. Inaelekea naye alifundishwa na watu kama mimi.

Hebu sasa tulitazame kosa lenyewe kama wanaisimu, maana mwalimu akilijua lilivyo hatalikasirikia. Mtoto wa Pate, kama mwenzake wa Amu na Siyu, husema mato, kitwa, mtanga, mtele, tini na nti, pale ambapo sisi wa vitabuni husema macho, kichwa, mchanga, mchele, chini na nchi. Lakini hasemi takula wala tumba. Kwake chakula ni chakula na chumba ni chumba. Chai nayo haiwi tai. Kwa nini? Kwa sababu ch ya macho na ch ya chakula hazina asili moja. Ya kwanza ni sauti ya kale ya Kibantu iliyoshika njia mbili: Unguja ikawa ch, Kaskazini ikawa t. Ya pili ni kiambishi ki- kilichokutana na irabu, na chai ni mgeni aliyepokewa baadaye. Mtoto wa miaka sita, ambaye hajawahi kusikia neno ngeli, hutenganisha mambo haya bila kukosea hata mara moja. Wapo wanafunzi wangu wa shahada ambao huhitaji muhula mzima.

Ndivyo ilivyo kwa j. Kwao jana ni yana, juu ni yuu, moja ni moya, jua ni yua. Hata hivyo njia haiwi nyia, huwa ndia. Njaa ni ndaa, nje ni nde, na mtu huitwa kwa ndoo, si kwa njoo. Sauti ikisimama peke yake huenda upande mmoja, ikitanguliwa na n huenda upande mwingine. Vitu ni zitu, vyakula ni zakula, na vyuo ni zuo. Hii ni sarufi kamili, yenye kanuni zinazotabirika, na si siri: Stigand alikwisha kuchapisha mwaka 1915 kitabu kizima juu ya mabadiliko ya kilahaja katika Kiswahili. Zaidi ya karne moja imepita, na bado mwalimu anayetumwa kisiwani hupewa barua ya uhamisho, mtaala na mwongozo wa kufundishia, bila hata ukurasa mmoja unaomweleza lugha atakayoikuta darasani.

Matokeo yake mengine huchekesha. Mtoto anaandika kwamba wageni "waliteka sana" baada ya kusikia hadithi ya babu. Kwao kuteka ni kucheka. Mwalimu aliyetoka bara anasoma habari za watu waliochota maji kupita kiasi, au mbaya zaidi, habari za utekaji nyara. Mengine hayachekeshi. Mtoto aliyekaripiwa bila kuelezwa kanuni hubakia akikisia tu. Ameambiwa mato ni makosa, sema macho; mtele ni makosa, sema mchele. Basi hukata shauri kwamba t yake yote ina ila, na kesho anaandika machunda akikusudia matunda. Hapo hukosolewa mara ya pili, na safari hii ametenda kosa la kweli, kosa ambalo hakuja nalo kutoka nyumbani. Amelipewa na shule.

Kuna jambo la ndani zaidi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na mtaala wa umilisi unaotumika sasa umelishika wazo hilo hilo katika madarasa ya chini. Mtoto wa Kiluo, wa Kikamba au wa Kipokomo, akiingia somo la Kiswahili, huchukuliwa kuwa mwanagenzi. Mwalimu humvumilia, humlinganishia, humwonyesha kwamba kwenu husema hivi na Kiswahili husema hivi. Mtoto wa Pate hapati uvumilivu huo, kwa kuwa mazingira yake yameandikiwa "Kiswahili" na shauri likaisha. Yeye huhesabiwa kuwa mzawa wa lugha ya kitabu, kwa hiyo kila tofauti huonekana ni uzembe. "Wewe Mswahili mzima hukijui Kiswahili?" Sentensi hiyo nimeisikia ikisimuliwa Lamu, Mombasa na Vanga kwa maneno yale yale. Kwa hiyo mtoto huyu huikosa haki ya mwenye lugha ya mama na haki ya mgeni anayejifunza, zote mbili kwa mpigo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili sanifu ni kimoja, mtihani ni mmoja, na mwalimu hana idhini ya kutunza magofu. Nakubali mawili ya kwanza bila ubishi. Kiswahili sanifu ni mali yetu na ni chombo ambacho mtoto wa Pate anakihitaji kuliko hata mtoto wa Nairobi, kwa kuwa ndicho kitakachomvusha mkondo wa Mkanda. Anayedai mtoto huyo aachwe na lahaja yake pekee anamtakia kubaki gatini. Lakini tusisahau usanifu ulivyopatikana. Wajumbe waliokutana Mombasa mwaka 1928 waliteua Kiunguja kiwe msingi baada ya mabishano na watetezi wa Kimvita, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa kazi ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala na wa uchapishaji wa vitabu, nao ulikuwa na sababu zake. Hakuna aliyesema katika mkutano ule kwamba watu wa Pate wanasema vibaya. Hilo tumeliongeza sisi wenyewe baadaye.

Wala si kweli kwamba lahaja za Kaskazini ni maiti ya kuhifadhiwa makumbusho. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alichota katika hazina hiyo maisha yake yote. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alieleza kwa shairi jinsi chombo cha baharini kinavyoundwa, pamoja na istilahi za mafundi ambazo kamusi zetu zilikuwa hazijazisikia. Neno runinga, ambalo leo hutajwa katika kila taarifa ya habari nchini, kwa kawaida hunasibishwa naye. Tunapotindikiwa na maneno hukimbilia visiwani kukopa. Kulipa deni ndiko tunakochelewa.

Neno hilo Kikale ndilo ningependa lianze kuondolewa. Lina matumizi yake halali: yapo maneno katika tenzi ambayo hakuna anayeyasema tena popote, na hayo ni Kikale kwelikweli. Lakini ndia, nti, mui na yua si miongoni mwayo. Ni maneno ya Kaskazini, na chini ya shairi katika kitabu cha kiada ingetosha kuandikwa hivyo: neno la lahaja ya Kaskazini, hutumika hadi leo Lamu, Pate na Siyu. Mwanafunzi wa Kakamega angeongeza elimu ya jiografia kwa bei ya mstari mmoja. Mwanafunzi wa Pate angejikuta ndani ya kitabu akiwa hai. Vilevile tuache kudai kwamba Sayyid Abdallah alitumia mato kwa "uhuru wa mshairi". Hakuwa na haja ya uhuru wowote; alikuwa akiandika lugha ya kwao, kama vile Shaaban Robert alivyoandika macho.

Kuhusu darasa lenyewe, sidai mapinduzi. Mwalimu wa Pate au Faza aweza kutundika ukutani jedwali la maneno thelathini, upande mmoja nyumbani, upande mwingine kitabuni, na kuwaacha wanafunzi wenyewe wavumbue kanuni inayoyafungamanisha. Watoto hupenda vitendawili, na hiki ni kitendawili ambacho jibu lake wanalo tayari mdomoni. Akisahihisha insha, aandike macho juu ya mato bila kuweka alama ya mkato, mpaka darasa la sita hivi, ambapo mwanafunzi ataweza kudaiwa usanifu kwa haki kwa kuwa atakuwa amefundishwa tofauti. Katika mazungumzo ndani ya insha, mhusika ambaye ni nyanya wa Pate aruhusiwe kusema kama nyanya wa Pate. Riwaya zetu zimeruhusu hilo kwa miaka mingi. Sioni kwa nini mwanafunzi azuiwe. Nasi wa vyuo vikuu, tunaowatuma wanafunzi wa ualimu nyanjani kila mwaka kwa mazoezi ya kufundisha, twaweza kuwapa waendao Lamu kurasa tano za sarufi ya huko kabla hawajapanda basi. Hizo kurasa tano haziandikwi na serikali. Zaandikwa na mtu kama mimi jioni mbili tatu.

Wakati wenyewe haungoji. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, upande wa bara, si mbali na mkondo ule ambao watu wa Pate huupitia. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikaona kwamba haki za wenyeji za kupata habari na za utamaduni wao hazikuheshimiwa katika mradi huo. Sina neno juu ya makontena. Najua tu kwamba bandari huleta watu, watu huja na lugha zao, na kijana anayetafuta kazi huiga haraka kauli ya anayempa kazi. Kijana aliyekwisha kufundishwa na shule kuionea haya kauli yake hatahitaji hata mwaka mmoja kuiacha. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inailazimu serikali kukuza na kulinda anuwai ya lugha za wananchi, na sidhani kwamba waandishi wake walikusudia kuziacha nje lahaja za lugha ya taifa.

Kila mwaka, kabla ya kazi ya kusahihisha mtihani wa KCSE kuanza, watahini wa Kiswahili huketi pamoja wakakubaliana juu ya mwongozo wa kutuza: kipi ni kosa la hijai, kipi ni kosa la sarufi, kipi kisamehewe. Wa fasihi wana kikao chao, wa insha wana chao. Ningependa mwaka huu wa insha wawaulize wenzao wa fasihi neno mato wanalituza kwa msingi gani, kisha warudi mezani kwao na jibu watakalopewa.